Dirisha la mama lianze kozi ya ngapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Najenga Kigamboni, kiwanja cha mita 20 kwa 20, msingi umeshakamilika. Mama yangu, ambaye umri wake wote ameishi Tanga, anakuja kukaa nasi. Kwenye nyumba tuliyopanga sasa anashinda chumbani, na analalamika kwamba hajui hata nani kapita nje. Barabara ya mtaa iko magharibi mwa kiwanja, bahari iko mashariki. Fundi anataka madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, futi 5 kwa 5 kila chumba, kioo cha giza. Kaka yangu anasema madirisha makubwa ni kukaribisha joto na wezi, tuweke madogo ya juu. Tumsikilize nani? Na je, mama anaweza kuona nje bila wapita njia kumwona yeye?

Jibu: Marahaba, na hongera kwa kumaliza msingi.

Fundi na kaka yako wanabishania ukubwa, nami ukubwa ningeuacha mwisho. Dirisha la futi 5 linalotazama ukuta wa fensi halimpi mama kitu. Dirisha la futi 2 na nusu lililokaa mahali pake litampa mtaa mzima. Kwanza amueni mama atakaa wapi, atakalia nini, na jicho lake likitoka hapo litafika wapi. Kioo, nondo na vipimo vinafuata nyuma ya jibu hilo.

Tuanze na kozi, yaani mistari ya tofali, maana wiki chache zijazo fundi atakuwa ameshapita na kubomoa ni hasara. Tofali letu la saruji lina kimo cha inchi 9. Ukiongeza udongo wa kujengea, kila kozi ni karibu sentimita 25. Mafundi wengi huanza dirisha juu ya kozi ya nne, yaani mita 1 kutoka sakafuni. Wenye hofu ya wezi, au wanaotaka kabati likae chini ya dirisha, hupanda mpaka kozi ya tano. Sasa chukua utepe umpime mama akiwa ameketi. Mtu mzima kwenye kiti cha kawaida, macho yake huwa mita 1.1 hadi 1.2 kutoka sakafuni. Akikaa mkekani, macho yako kama sentimita 75. Akilala kitandani na mto chini ya kichwa, ni hapohapo.

Piga hesabu na mimi. Macho yako mita 1.15, kiti kiko mita 1 kutoka dirishani, na sakafu ya nyumba imeinuka sentimita 45 juu ya uwanja. Dirisha likianza kozi ya nne, mama ataanza kuiona ardhi kwenye umbali wa mita 10 na zaidi. Chochote kilicho karibu zaidi ya hapo, kuku, mjukuu anayechezea mchanga, mgeni aliyefika mlangoni, kinafichwa na ukuta chini ya dirisha. Likianza kozi ya tatu, ardhi inaanzia mita 4. Likianza kozi ya pili, mita 2 na nusu tu. Na kwenye kozi ya tano? Haoni ardhi hata kidogo. Ataona anga na vichwa vya minazi. Kwa hiyo madirisha madogo ya juu anayoyataka kaka yako yatamrudisha mama kulekule anakolalamikia leo, tofauti ni kwamba safari hii nyumba itakuwa yenu.

Ushauri wangu: dirisha la mahali anapokaa mama lianze kozi ya pili, la chumbani kwake kozi ya pili au ya tatu kulingana na kimo cha kitanda. Mengine yote yanaweza kubaki kozi ya nne. Jikoni lazima, kwa sababu ya meza ya kupikia.

Umbo nalo lina maneno yake. Mwaka 1923 mjini Paris, Auguste Perret, bingwa wa majengo ya zege, alibishana gazetini na msanifu majengo Le Corbusier, ambaye zamani alikuwa kijana wa ofisini kwake. Perret alitaka dirisha lisimame wima kama mtu, kwa sababu dirisha refu huonyesha barabara, bustani na mbingu kwa mpigo mmoja. Le Corbusier alitaka dirisha lilale, lifuate ukuta kutoka kona hadi kona. Mwaka huohuo alianza kuwajengea wazazi wake kijumba cha mita za mraba 60 na ushee huko Corseaux, ukingoni mwa ziwa Geneva nchini Uswisi, akakiwekea dirisha moja lenye urefu wa mita 11 kuelekea ziwani. Baba yake hakukaa sana, alifariki 1926. Mama yake aliishi humo mpaka 1960, akiwa karibu na miaka mia.

Pale ziwani Le Corbusier alikuwa sahihi: maji na milima ya ng'ambo vimejipanga kama ukanda mmoja mrefu. Mtaa wa Kigamboni haujajipanga hivyo. Chini kuna watoto na bodaboda, katikati kuna mlango wa jirani na genge la nyanya, juu kuna wingu la mvua ambalo mama wa Tanga atalisoma kabla ya simu yako kukwambia lolote. Kwa mama yako nachagua la Perret: upana wa mita 1 au pungufu, urefu kuanzia kozi ya pili mpaka lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha na milango. Hata kiwango cha Ulaya kuhusu mwanga wa mchana, EN 17037 cha mwaka 2018, kinapopima mandhari ya dirishani kinatazama tabaka hizo tatu, ardhi, katikati na anga, na kinataka kile unachokiona kiwe umbali wa mita 6 angalau.

Mita 6 hizo ndizo zinazotufikisha kwenye fensi, na hapa ndipo nyumba nyingi za Dar es Salaam zinapoharibika. Watu wananunua madirisha ya mamilioni, kisha wanajenga ukuta wa mita 2.4 umbali wa hatua nne kutoka dirishani. Kwa hesabu ileile ya mama na kiti chake, fensi ya kimo hicho ikiwa mita 4 kutoka ukutani inafuta mtaa wote. Linabaki anga na nyaya za umeme. Ukweli ni kwamba dirisha lenu mtalitobolea sehemu mbili: kwenye ukuta wa nyumba, na kwenye fensi.

Mfano mzuri wa fensi ya namna hiyo uko kulekule Corseaux. Bustanini Le Corbusier alijenga ukuta unaoficha ziwa, akatoboa tundu moja la mraba, na chini yake akaweka meza ya zege. Ukikaa mezani unaliona ziwa kupitia tundu lile peke yake, na unaliangalia kwa makini kuliko ungekuwa ufukweni. Nanyi fanyeni hivyo: mbele ya kiti cha mama, kwa upana wa mita 2 au 3, ukuta wa fensi uishie mita 1, juu yake wekeni grili ya chuma au tofali za matundu. Ikiwa ni tofali za matundu, zichagueni zenye uwazi mkubwa. Zile za maua yaliyobanana zinapendeza ukiwa nje, lakini kwa aliyeko ndani ni ukuta tu.

Je, kuona nje kuna faida gani zaidi ya kumfurahisha mzee? Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Wagonjwa waliotolewa kifuko cha nyongo, 23 walikuwa wamelala vyumba vilivyotazama miti, na wengine 23 waliofanana nao kwa umri na hali walitazama ukuta wa matofali. Wa miti walitoka hospitalini mapema kidogo, wastani wa siku 7.96 dhidi ya 8.70, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Ni kundi dogo, silifanyi kuwa msahafu. Lakini vyumba vilikuwa pacha, huduma ni ileile, na tofauti kuu ilikuwa kile kilichoonekana dirishani.

Turudi Tanga. Bila shaka mama ameishi kwenye nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu unaopita hadi uani, vyumba kushoto na kulia. Kwenye nyumba ile madirisha ni madogo, mara nyingi ya mbao, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba hajui nani kapita. Kazi ya kuunganisha nyumba na mtaa ilifanywa na baraza, na kazi ya kupitisha upepo ilifanywa na ukumbi ukifunguliwa milango yake miwili. Lamu walikwenda mbali zaidi. Zile nyumba kongwe za mawe ya matumbawe zina kuta nene zilizo karibu tupu kuelekea kichochoro. Mwanga na hewa vinaingia kwa kiwanda, ule ua wa katikati ulio wazi juu, na mgeni anapokelewa kwenye daka lenye viti vya mawe pande mbili kabla hajaona chochote cha ndani. Ndiyo maana mtu aliyehama kutoka nyumba kama hizo kwenda kwenye nyumba ya kisasa hupotelewa na mambo mawili kwa pamoja. Amenyang'anywa baraza, na dirisha alilopewa badala yake halikupangwa kufanya kazi ya baraza.

Kwa hiyo kabla ya dirisha, mjengee baraza. Na hapo tunakutana na ugumu wa kiwanja chako: mtaa wako uko magharibi, na magharibi ndiko kwenye jua baya.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Juni linainamia kaskazini, adhuhuri likiwa nyuzi 60 kutoka upeo. Desemba linainamia kusini, nyuzi 73. Maana yake madirisha ya kaskazini na kusini ni rahisi kuyakinga: paa likitokeza sentimita 70 hadi 90 juu ya dirisha la kimo cha mita 1.2, jua la adhuhuri haliingii mwaka mzima. Waambie mafundi wasikate paa fupi ili kubana matumizi ya bati. Magharibi hesabu hiyo inavunjika. Saa kumi na moja jioni jua limeshuka hadi nyuzi 20 na kitu, na ili kulikinga dirisha hilohilo kwa paa peke yake ungehitaji paa litokeze mita 3 hivi. Hapa kaka yako ana hoja: futi 5 za kioo upande wa magharibi ni jiko.

Baraza yenye kina cha mita 2.5, ukingo wa paa lake ukiwa mita 2.2 juu ya sakafu, italiweka dirisha la mama kivulini mpaka karibu saa kumi. Baada ya hapo jua linachungulia chini ya paa. Kwa muda uliobaki tumieni mti. Mwarobaini au mkungu mmoja ndani ya fensi, mbali na msingi kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na ukishakua matawi ya chini yakatwe mpaka mita 2 kutoka ardhini. Majani yaliyobaki yatazuia jua la jioni linaloshuka kwa mshazari, na macho ya mama yatapita chini yake bila kizuizi hadi barabarani. Mpaka mti ukue, tundikeni pazia la mianzi kwenye ukingo wa baraza. Linashushwa saa kumi, linapandishwa jua likizama.

Upepo, kwa bahati, umewapendelea. Kaskazi inatoka kaskazini-mashariki, kusi inakuja kutoka kusini-mashariki, na upepo wa bahari wa mchana nao unatoka mashariki. Kwa hiyo madirisha ya mashariki ndiyo mlango wa kuingilia hewa, na dirisha la mama upande wa mtaa ndilo la kutokea. Hewa haiingii chumba ambacho haiwezi kukitoka, hata ufungue kioo cha futi 10. Na kati ya mashariki na magharibi kuna milango ya vyumba ambayo usiku hufungwa. Acheni uwazi wa sentimita 40 juu ya kila mlango wa ndani, chini ya lenta, uwe na luva za mbao za kudumu, yaani vibao vya mshazari vinavyopitisha hewa. Ni kazi ya fundi seremala ya siku moja, nayo inafanya kile ulichofanya ukumbi wa nyumba ya Tanga.

Sasa aluminiamu ya kusukuma. Dirisha la vioo viwili vinavyopishana hufunguka nusu tu: umenunua futi 5, unapata futi 2 na nusu za hewa. Ukiweka na wavu wa mbu, ambao lazima uwepo, hewa inapungua tena, na wavu uliojaa vumbi unakaribia kuwa kitambaa. Dirisha la bawaba, linalofunguka kama mlango, hutoa karibu nafasi yake yote. Luva za kioo nazo hupitisha hewa vizuri, tatizo lake ni vumbi na ule urahisi wa mwizi kuchomoa kioo kimoja kimoja. Mimi ningeweka bawaba kwenye vyumba vya kulala na sebuleni, za kusukuma zibaki jikoni au pembeni mwa nyumba ambako dirisha likifunguka nje litamgonga mtu.

Kuhusu kuona bila kuonekana: inawezekana, ila si kwa kioo cha giza. Kioo kile kinaficha kwa sababu mchana nje kuna mwanga mwingi kuliko ndani. Jua likizama ukawasha taa, mambo yanageuka: wapita njia wanakuona kama uko kwenye televisheni, na wewe unaona sura yako mwenyewe. Mchana nao kinameza mwanga, unawasha taa saa sita. Kimiani cha mbao, kama kile cha baraza za ghorofani katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, kinatumia kanuni hiyohiyo kwa akili zaidi. Aliyekaa karibu na matundu anaona kupitia mengi kwa wakati mmoja, na aliye mbali barabarani anaona mbao tu zilizopigwa jua. Usiku unafunga shata, yaani milango midogo ya mbao ya dirisha, na mambo yamekwisha.

Kwa mama ningetengeneza shata mbili za mbao zenye luva za kuchezesha, na kila shata ikatwe katikati ili kipande cha chini kijitegemee. Za namna hiyo zipo kwenye miji ya kale ya pwani, na seremala yeyote anayejua mlango wa panelo atazimudu. Akitaka kuona mtaa bila kuonekana, anafunga za juu, za chini anazilaza luva kidogo. Akitaka kumwita muuza samaki, anafungua zote. Nyuma ya shata kaeni na kioo cheupe cha kawaida, bei yake ni ndogo kuliko cha giza. Na dirisha liwekwe karibu na kona ya chumba badala ya katikati ya ukuta, ukuta wa pembeni upakwe rangi nyeupe. Mwanga utaupiga ukuta huo na kusambaa polepole chumbani, mama hatakuwa anakodolea macho mraba mmoja mkali uliozungukwa na giza. Kwa macho ya mzee hilo ni kubwa.

Wezi wanazuiwa na nondo, hawazuiwi na udogo wa dirisha. Tundu la futi moja bila nondo linatosha mtoto aliyetumwa. Wekeni grili ya nondo za milimita 12 iliyofungwa kwenye zege la ukuta, siyo kwenye fremu ya aluminiamu inayong'oka na skrubu zake. Mistari isimame wima, iachane sentimita 12 hivi, na usiweke bomba la mlalo kwenye kimo cha macho ya mtu aliyekaa. Mafundi wachomeleaji wanapenda maua na duara katikati ya grili, mahali penyewe ambapo jicho linapita. Maua wayaweke juu.

Chumbani kwa mama grili moja iwe ya kufunguka kwa ndani, na ufunguo wake utundikwe ukutani mahali ambapo yeye na mjukuu wanaufikia gizani lakini mkono wa mtu wa nje haufiki. Nyumba ikishika moto, nondo za kudumu kwenye kila dirisha ni gereza.

Wiki hii, kabla tofali halijapanda: peleka kiti cha mama kwenye msingi, akae pale sebule itakapokuwa, jioni mtaa ukiwa na watu. Mtu mwingine ashike ubao wima mahali pa ukuta, aupandishe na kuushusha mpaka mama aseme basi. Ila ikiwa msingi wenu bado haujajazwa kifusi wala kumwagwa jamvi, yaani zege la sakafu, basi kiinueni kiti kwa matofali mpaka usawa wa sakafu itakavyokuwa, vinginevyo kipimo kitawadanganya. Fundi aweke alama kwenye nguzo, ahesabu kozi. Fanyeni vivyo hivyo kwa fensi, mwingine akisimama mpakani na ubao wa pili. Dirisha la sebule la futi 5 upande wa mashariki, kwenye bahari na upepo, mwachie fundi wako ukubwa huo, hapo amepatia.